Ukoo wa Hayupo

1

"Tema tena, Baba Mdogo. Safari hii nataka mate, sitaki ugoro."

Mzee akacheka, akafuta mdomo kwa kiganja, akatema vizuri ndani ya kichupa. Huyo alikuwa wa elfu moja mia mbili na sita, na wa mwisho. Sekela Hayupo akakibandika kichupa namba, akakitia katika mdomo wa mtambo, na kwa mara ya kwanza katika siku tisa akakaa kitako. Mgongo ulimuuma ajabu. Akina Hayupo wote wa Lumbeko walikuwa wamepita mbele yake, vichanga kwa vikongwe, na kila mmoja alimwachia mate na maneno mawili matatu ya utani, maana wote walikuwa jamaa zake.

Mtambo ule kiserikali uliitwa Kisomanasaba Namba Nne. Watu waliuita Wifi. Na wallahi hawakukosea, maana ulijua nani katoka tumbo gani, nani kasingiziwa mtoto wa nani, na ukishajua haunyamazi. Tangu Sheria ya Koo ipitishwe, mwaka 2139, hakuna ukoo uliopewa hati ya ardhi ya mababu bila Wifi kuusoma kwanza. Mnatema mate, Wifi anasoma vinasaba, anachora hewani mti wa rangi, na rangi zote zikikutana chini katika mzizi mmoja mnapewa hati yenu na kwenda kuchinja mbuzi. Kanuni ziliruhusu hata mizizi mitatu, kwa sababu waliozitunga nao walikuwa na babu zao na walijua mambo ya babu zao. Ikizidi mitatu, basi ninyi si ukoo, ni kundi tu la watu, na ardhi inarudi serikalini kupigwa mnada.

Na Lumbeko haikuwa ardhi ya kuchezea. Ekari elfu nane za mkonge, ule mkonge mpya ambao uzi wake mmoja unaning'iniza lori. Kamba zilizokuwa zikivuta mizigo kwenda vituo vya angani zilisukwa hapo, kwa mikono ya akina Hayupo, katika jengo lile lile la korona ambamo mababu zao walikamua majani ya mkonge wa zamani. Kampuni moja iitwayo Kambaanga iliitamani ardhi hiyo mpaka mate yanaitoka. Ndiyo iliyoweka pingamizi. Shauri lingesikilizwa Alhamisi, na leo ilikuwa Jumatatu.

Sekela ndiye aliyechaguliwa kuwa mpimaji wa upande wa ukoo. Alikuwa na miaka thelathini na nne, kati yake kumi na miwili kaifanya kazi hiyo mjini, na alikwisha kusoma koo mia moja na tisini bila kukosea hata moja. Kwa hiyo Wifi alipolia kengele yake, Sekela hakushtuka. Akanyanyua macho huku akikoroga chai.

Mti ulikuwa unachorwa hewani katikati ya chumba. Nyekundu ikashuka mpaka chini, ikasimama. Kijani ikashuka, ikasimama mbali na nyekundu. Njano nayo pembeni kabisa. Kisha samawati, zambarau, kahawia, zinaendelea tu, kila moja na njia yake, wala hazisalimiani.

Sekela akaacha kukoroga. Akahesabu. Akahesabu tena akianzia upande wa pili, kama mtu anayetumaini mnazi umeongeza nazi.

Mizizi kumi na mmoja.

Mmoja ulitoka kwa Wanyakyusa. Mwingine Wamakonde. Mwingine kwa Waha wa Kigoma, mwingine Wangoni, mwingine Wafipa, mmoja ng'ambo kabisa kwa Warundi. Watu kumi na mmoja wasio na babu wa pamoja hata ukirudi nyuma mpaka enzi za mawe. Chini ya mti, kwa maandishi madogo ya adabu, Wifi aliandika: UKOO WA HAYUPO: HAUPO.

Mtu mwingine angeona kichekesho. Sekela aliona nyumba mia nne na kumi na mbili zikibomolewa, akaona mama yake akihamishiwa ghorofa la kumi na sita katika mji asioujua, na chai ikapoa mbele yake bila kuguswa.

2

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekonda. Mjini hawali?"

Bibi Sikudhani Hayupo, mwenyekiti wa ukoo, alikuwa na miaka tisini na mmoja na ulimi wa miaka ishirini. Alikuwa barazani kwake, anachambua mchele, na kila chuya aliyoikuta aliitupa kwa hasira kama iliyomtukana. Sekela akakaa kwenye mkeka, akafunua matokeo. Alikuwa amejiandaa kumshika kikongwe asianguke.

Bibi akautazama ule mti wa rangi. Akarudi kwenye mchele wake.

"Kumi na moja," akasema. "Marehemu bibi yangu aliniambia kumi na wawili. Labda kizazi cha mmoja kilikatika."

"Bibi, ulijua?"

"Sasa mimi mwenyekiti wa nini, kama sijui?"

Akaweka ungo chini, akasimulia. Enzi zile za mkonge wa kwanza, watu waliletwa kwa malori kutoka kila pembe ya nchi kuja kukata majani, wakaitwa manamba, kwa sababu mwajiri alijua namba zao, majina hakuyajua. Wengine walikuja na wake zao na watoto. Mwaka mmoja ikaingia homa kambini. Wanaume waliokuwa wakilala msongamano katika mabanda ya karibu na mto wakaisha wote, na wake zao wengi pia. Wakabaki watoto thelathini na tisa, wengine wananyonya.

"Akaja karani na daftari," Bibi akasema. "Kijana wa pwani, amevaa tarabushi, haraka nyingi. Akamshika mtoto wa kwanza. Baba yake nani? Wanawake wakamjibu, hayupo. Karani akaandika: Hayupo. Mtoto wa pili. Baba yake? Hayupo. Akaandika. Wa tatu, wa nne, mpaka wa thelathini na tisa. Alipofika mwisho akafunga daftari, akatikisa kichwa, akasema, huyu Bwana Hayupo naye, loh, ana nguvu."

Sekela hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka. Bibi akacheka naye mpaka akakohoa.

"Msimamizi mzungu akaagiza Hayupo atafutwe, apewe posho ya watu wawili, kwa vile ndiye mwanamume mwenye familia kubwa kuliko wote shambani. Wakamtafuta wiki nzima! Wale wanawake walionusurika wangeweza kusema, jamani, mmekosea. Hawakusema. Walijua wakisema, watoto watagawanywa, huyu apelekwe Songea, huyu Kigoma, huyu kituo cha yatima, wafie njiani. Kwa hiyo wakaacha kosa likae. Kila mwenye maziwa akanyonyesha aliyemkuta. Wakawafanya ndugu."

"Na hii habari mmeificha miaka yote."

"Tumeitunza. Kuficha ni kwa wezi." Bibi akamsogelea, akateremsha sauti. "Sasa sikiliza. Mpimaji aliyekula kiapo husadikiwa, si ndiyo? Ule mlango wangu, wa kina Babu Mwakitalu, una watu mia moja na arobaini. Wote mzizi mmoja. Peleka mate yao tu. Wale wengine sema vichupa vilivunjika. Wifi ataimba tunavyotaka, na Alhamisi tunakula pilau."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Sekela, nawaambieni kweli, aliliwaza. Aliona kabisa mkono wake ukisukuma vichupa vingine pembeni. Nani angejua? Lakini alijua pia kinachofuata, kwa kuwa amekiona katika koo za watu. Hati ikishaandikwa kwa mlango mmoja, ile milango kumi inakuwa wageni kwenye ardhi ya nduguze. Haitapita miaka ishirini, kijana mmoja mwenye kiburi atasimama kisimani na kuuliza, ninyi kwani ni wa hapa?

"Siwezi, Bibi."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili. Nikifanya hivyo nitakuwa nimeiokoa ardhi na kuuvunja ukoo."

Bibi akabetua midomo, akaurudia ungo wake. Sekela akasimama aondoke. Alikwishavaa kiatu kimoja wakati jambo lilipomfika rohoni, likamfika kwa nguvu hata akaegemea nguzo.

"Bibi. Miaka kumi na miwili iliyopita, mimi na Akilimali tulikuja hapa hapa barazani. Tukapiga magoti. Tukakuambia tunataka kuoana."

Mkono wa Bibi ukasimama juu ya mchele.

"Ukasema, yule ni ndugu yako, ni damu yako, hata mnyama hafanyi hivyo. Ulisema mbele ya watu. Nikaondoka Lumbeko kwa aibu. Akilimali yeye ni wa mzizi wa Waha, mimi wa Wanyakyusa. Hatuna hata tone. Na ulijua!"

"Nilijua."

"Kwa nini, Bibi?"

Kikongwe alimtazama, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. "Kwa sababu sisi hatuna damu, mjukuu wangu. Koo nyingine zikikosea zina damu ya kuzirudisha. Sisi tuna mwiko tu. Siku Hayupo atakapomwoa Hayupo, siku hiyo sote tutakuwa majirani."

Sekela akavaa kiatu cha pili, akaenda zake bila kuaga. Alikuwa analia kwa hasira, na hakujali nani anamwona.

3

Akilimali Hayupo alikuwa msimamizi wa wasuka kamba. Sekela alimkuta katika uwanja wa kuanikia nyuzi, anapita kati ya safu nyeupe za mkonge akizigusa kwa vidole kuona kama zimekauka. Jua lilikuwa la saa tano. Mkewe, mwanamke wa Kondoa mwenye moyo mzuri, alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo mvi zilikuwa zimemwingia upande mmoja wa kichwa. Bado alikuwa na mabega yale yale.

Sekela hakuzunguka. Alimwambia yote, mizizi kumi na mmoja, karani wa tarabushi, Bibi na mchele wake. Alipomaliza, Akilimali alikuwa ameukamata uzi mmoja na kuuzungusha kidoleni mpaka kidole kikawa cheupe.

"Kwa hiyo mimi na wewe si kitu," akasema.

"Si kitu kabisa."

"Ningekuoa."

"Ungenioa."

Mahali pengine mtu alikuwa anaimba huku anasomba matita.

"Alhamisi ukisema ukweli," Akilimali akasema polepole, "ukoo unakufa. Ukoo ukifa, mwiko nao umekufa. Tunakuwa watu wawili tu waliokutana. Huhitaji hata kudanganya. Unawasomea matokeo, unakaa chini."

"Na nyumba ya mama yangu? Na kamba zako?"

"Sikushauri kitu, Sekela. Nakuambia tu ninachokiona, kwa sababu na wewe unakiona." Akauachia uzi. "Mimi nilifuata katazo kwa uchungu. Nilijaribu kulivunja moyoni kila siku kwa mwaka mzima. Lakini sikulivunja. Hakuna aliyewahi kulivunja. Si umesikia habari za Baba Ntimba na Tumaini, binti Hayupo mwenzake? Walipendana mpaka wakawa vichekesho, wakaishia kusindikizana kila mmoja kwenye harusi ya mwenzake."

Sekela alikuwa anamsikiliza kwa sikio moja. Halafu yakawa mawili.

"Umesema nini?"

"Ntimba na..."

"Kabla ya hapo."

"Hakuna aliyewahi kulivunja."

Sekela akamshika mkono, akauachia mara moja kama umemchoma, akakimbia. Alikimbia kati ya safu za mkonge, mtandio mkononi, na wasomba matita wakampisha wakidhani kuna msiba.

Miaka kumi na miwili alikuwa akimuuliza Wifi swali moja tu: watu hawa wanakutania wapi? Kila mpimaji nchini aliuliza hilo. Hakuna aliyewahi kuuliza kinyume chake, yaani watu hawa walipaswa kukutana wapi, na hawakukutana? Alijifungia chumbani na mtambo. Akaupa hesabu ya Lumbeko, bonde moja, kisima kimoja, shule moja, ngoma moja kila mavuno, vizazi vinane. Akailinganisha na mashamba mengine sitini yaliyokusanya wageni namna ile ile. Akauamuru uhesabu, kama watu hawa wangekuwa majirani wa kawaida, zingekuwapo ndoa ngapi baina ya mlango na mlango?

Wifi akafikiri kwa dakika nne, jambo ambalo si kawaida ya mawifi. Akajibu: mia tatu na kumi, pungufu au zaidi kidogo.

Zilizopo ngapi?

Jibu lilikuja papo hapo. Sekela alilisoma, akalisoma tena, akapiga ukelele ambao mama yake aliusikia akiwa jikoni nyumba ya tatu.

4

Baraza la Koo lilikaa Alhamisi asubuhi ndani ya jengo la korona, maana hakuna ukumbi mwingine ambao ungewatosha. Watu walijaa mpaka juu ya mitambo ya kukamulia. Mwenyekiti wa Baraza, Mheshimiwa Kokubanza, alikuwa mwanamama wa Kagera, mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa macho. Wakili wa Kambaanga aliitwa Mbonea, amevaa suti ya kijivu, na kusema haki alikuwa hodari.

Sekela akafunua mti mbele ya watu wote. Hakuficha hata tawi. Mizizi kumi na mmoja ikasimama hewani chini ya paa la mabati, na mnong'ono ukapita jengo zima. Watu walikuwa wanajitafuta katika rangi. Mama mmoja akashika kichwa.

Wakili Mbonea akainuka anatabasamu.

"Mheshimiwa, sina hata la kuongeza. Mpimaji wao wenyewe amesema kweli, nampongeza kwa uaminifu. Namwuliza moja tu. Mwanzilishi wa ukoo huu ni nani?"

"Hayupo," Sekela akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko, hata mlinzi wa mlangoni. Mbonea naye akacheka. "Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza, Mheshimiwa," Sekela akasema. "Kanuni ya saba inataka mzizi. Lakini kanuni zimetungwa chini ya Sheria, na Sheria yenyewe, kifungu cha pili, haitaji damu mahali popote. Naomba kuisoma. 'Ukoo ni watu wanaoitwa kwa jina moja, wanaozikana, na wasiooana.' Basi. Jina tunalo. Makaburi yetu yako nyuma ya jengo hili, vizazi vinane, milango yote imechanganyika, nendeni mkayaone. Limebaki la tatu, na hilo nimemuuliza Wifi. Samahani, nimeuliza mtambo."

Akagusa kidude chake. Mti ukageuka. Sasa kati ya rangi na rangi, pale ambapo ndoa zingepaswa kuwa, ilionekana mianga myeupe, mamia, kila mmoja mahali ambapo mvulana na msichana waliishi bonde moja, umri mmoja, na hawakuoana.

"Watu wasio ndugu wangekuwa wameoana mara mia tatu na kumi. Akina Hayupo, baina ya mlango na mlango, vizazi vinane, wameoana mara sifuri. Haikutokea mara moja. Hata kwa siri haikutokea, maana mtoto wa siri naye ana mate. Wote tulioa na kuolewa nje. Mheshimiwa, nimesoma koo mia moja na tisini zenye damu moja. Hakuna hata moja iliyoshika mwiko wake namna hii. Nyingine zina mabinamu waliofichana mpaka leo."

Wakili Mbonea alikuwa ameacha kutabasamu, lakini hakuwa mtu wa kuanguka kwa ngumi moja.

"Hesabu nzuri," akasema. "Lakini mtambo unasoma damu, hausomi katazo. Utajuaje kama walikatazana? Pengine hawakupendana tu. Nimekaa hapa siku nne, nimesikia wanavyogombana kisimani." Watu wakacheka kidogo, kwa shingo upande. "Mheshimiwa, mtu asiyetaka muhogo si kwamba amefunga. Hana hamu nao tu. Nipeni mtu mmoja aliyetaka, akaweza, na akajizuia kwa ajili ya mwiko huo. Mmoja tu, hadharani."

Bibi Sikudhani, pale mbele, aliinamisha uso. Sekela alijua kwamba Bibi hatasema. Aibu ile haikuwa ya Bibi kuifunua.

Na hapo ndipo mambo yote yalipokaa mbele yake kwa uwazi. Akinyamaza, ukoo unakufa, naye yu huru. Hakuna atakayemlaumu. Kule nyuma, karibu na mlango, aliona kichwa chenye mvi upande mmoja. Moyo wake ulikuwa unataka kunyamaza. Hebu mtu asije akawadanganya kwamba mashujaa hawana moyo wa namna hiyo.

Akavua kitambulisho chake cha upimaji, akakiweka mezani.

"Naomba kuapa upya, Mheshimiwa. Safari hii kama shahidi."

Mheshimiwa Kokubanza akamwapisha.

"Mimi, Sekela Hayupo wa mlango wa Wanyakyusa, nilimpenda Akilimali Hayupo wa mlango wa Waha. Nilimpenda tangu nina miaka kumi na tisa. Hatukuwa na kizuizi chochote cha damu, mmeona wenyewe. Tulikuja kwa wazee tukapiga magoti. Tukakatazwa, kwa kuwa ni ndugu. Tukatii." Akamgeukia wakili. "Wakili anasema labda hatukupendana. Mimi nilihama nyumbani miaka kumi na miwili ili nisimwone. Kila mwanga mweupe mnaouona pale juu, kuna watu wawili. Sijui ni wangapi walilia. Mimi wangu naujua."

Kisha kule nyuma sauti nzito ikasema:

"Nami nathibitisha."

Akilimali alikuwa amesimama. Na kabla hajakaa, akasimama Baba Ntimba, yule mzee wa ugoro, miaka sabini na nane, kofia mkononi. "Mimi na Tumaini wa Wafipa," akasema. "Mungu amrehemu." Akasimama mama mmoja mnene kutoka jikoni. Akasimama fundi wa mitambo. Wakawa wanasimama mmoja mmoja, wengine wenzi wao wamekaa kando yao wakiwatazama kwa mshangao, kila mmoja anataja jina na mlango. Karani wa Baraza aliandika mpaka akaacha kalamu akapangusa macho. Wakili Mbonea alitazama safu zile za watu, akafunga jalada lake taratibu, akakaa.

Mheshimiwa Kokubanza hakutoka nje kufikiri.

"Kanuni ni mtoto wa Sheria," akasema, "na mtoto hamtumi mama yake sokoni. Wenye damu moja hawastahili sifa kwa kuwa ndugu, walizaliwa hivyo wakiwa wamelala. Hawa wamekuwa ndugu wakiwa macho, vizazi vinane. Baraza linaona kwamba ukoo wa Hayupo upo. Hati itolewe kwa milango yote kumi na mmoja, kwa pamoja, bila kugawanyika. Na kanuni ya saba irudishwe kwa walioitunga, waifikirie upya."

Hapo, jamani, sijui nieleze vipi. Vigelegele vilipasua paa. Watu waliruka kutoka juu ya mitambo, wakakumbatiana kijani na njano na zambarau, wakaitana ndugu kwa makelele kana kwamba neno limeletwa asubuhi ile. Mtu akapiga debe, debe likajibiwa na debe, na wimbo wa wakata mkonge ukaanza wenyewe bila kuongozwa. Mama yake Sekela alikuwa amekaa sakafuni anacheka na kulia kwa zamu.

Bibi Sikudhani alijipenyeza kwa fimbo na matusi mpaka akamfikia mjukuu wake.

"Sikukukosea," akasema. "Lakini nilikuumiza, na nilikudanganya juu ya damu. Hilo la damu unisamehe."

"Nimekusamehe, Bibi. Lile jingine nipe muda."

"Chukua muda. Ila usichukue mwingi, umri wenyewe unauona. Wakerewe nasikia wana wanaume warefu." Na kikongwe akaondoka anacheza, mabega tu, miguu haimtii tena.

Sekela alikuwa bado anacheka alipogeuka na kumkuta Akilimali. Watu walikuwa wanawasukuma huku na huku, nao wakasimama wakitazamana, na kila mmoja alijua kilichokuwa kimetiwa muhuri asubuhi ile, na kwamba hakitafunguliwa tena. Macho ya Akilimali yalikuwa mekundu. Akanyoosha mkono, mkono wa salamu tu, mbele ya watu, akasema neno ambalo tangu wawe watoto hajawahi kumwita nalo hata mara moja.

"Hongera, dada."

Lilimchoma, nalo likamjaza kifua. Akaona yeye ndiye aliyelitia neno hilo nguvu, kwa kinywa chake mwenyewe, na hakuna mtambo wala kampuni itakayoweza kulifuta. Akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, kaka," akamjibu kwa sauti kubwa, na wakaingia pamoja katika ngoma.